Zama za Siasa: Kuyasoma Mapinduzi ya Zanzibar Kuanzia Kwenye Sanduku la Kura

Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu na wanafunzi, Assalaam alaykum.

Nimeombwa nizungumze juu ya Mapinduzi ya Zanzibar na siasa zetu za leo, na nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisianze na usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Usiku huo tunaujua, au angalau tunadhani tunaujua. Kila mwaka unaadhimishwa kwa gwaride na hotuba, na maneno "Mapinduzi Daima" hayakosekani katika kinywa cha kiongozi anayemaliza kuhutubia. Tarehe 10 Disemba 1963, siku ambayo Uingereza ilikabidhi uhuru kwa serikali ya mseto wa vyama vya ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, haina gwaride wala sikukuu, lakini ziko nyumba, hapa visiwani na huko ughaibuni, ambamo haijasahauliwa. Baina ya tarehe hizo mbili kuna siku 33, na karibu ubishi wote tunaoufanya juu ya historia yetu umejibana ndani yake: je, uhuru ule ulikuwa uhuru, na yaliyofuata yalikuwa ukombozi au maangamizi? Swali hilo ni zito, na wala sitaki kulidharau, lakini halitusaidii sana kuelewa kwa nini uchaguzi wa 1995 ulitugawa vile, kwa nini ule wa 2015 ulifutwa, na kwa nini orodha ya wapiga kura huwa ni chanzo cha ugomvi kabla hata kampeni hazijaanza. Mimi nashikilia kwamba majawabu ya hayo yamo katika miaka ya 1957 hadi 1963, miaka ambayo wazee wetu waliiita zama za siasa.

Tutazame kwanza watu wenyewe walivyopangwa. Serikali ya kikoloni iliwahesabu wakaazi wa visiwa hivi kwa asili: Mwarabu, Muhindi, Mngazija, Mshirazi, Mwafrika wa bara, na kila asili ikawa na jumuiya yake na msemaji wake mbele ya Mwingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata asili ya mtu, kwa hivyo jina lililoandikwa mbele ya jina lako liliamua kama utapata mchele au utapata mahindi. Haikuwa ajabu basi kwamba watu waliojiandikisha kwa jina moja katika hesabu ya watu ya mwaka mmoja walijiandikisha kwa jina jengine katika hesabu iliyofuata. Nayasema haya kwa sababu kila tunapoambiwa kwamba Mapinduzi yalikuwa vita vya Waafrika na Waarabu, tunapewa makundi mawili kama kwamba yalikuwepo tangu kuumbwa kwa visiwa, wakati mipaka ya makundi hayo ilikuwa ikihama, na walioihamisha walikuwa na sababu za tumbo na za mfuko.

Mfano mzuri ni Vita vya Ng'ombe vya mwaka 1951, ambavyo vitabu vyetu vya skuli huvipitia mbio mbio. Wakulima wa Kiembesamaki walikuwa na uchungu wa ardhi yao iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, na serikali ilipowaamuru wapeleke ng'ombe wao wakachanjwe dhidi ya kimeta, walikataa. Waliokataa wakashitakiwa na kufungwa. Umma ukajitokeza kuwakomboa, polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Kutokana na vuguvugu hilo la wakulima, ambao wengi wao walijiita Washirazi, ndipo kilipozaliwa chama cha raia wa Sultani kilichokuja kuwa ZNP mwaka 1955, yaani Hizbu, chama kile kile ambacho baadaye kilibandikwa jina la chama cha Waarabu. Kwamba uongozi wake wa juu ulishikwa na wasomi na wenye mashamba, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, ni kweli isiyopingika. Lakini mizizi yake ilikuwa katika udongo wa Kiembesamaki, na mwanafunzi asiyejua hilo hawezi kueleza kwa nini chama hicho kilipata kura za maelfu ya watu ambao hawakuwa na hata mkarafuu mmoja.

ASP, yaani Afro-Shirazi Party, nacho kilizaliwa kwa kuunganisha jumuiya mbili zilizokuwa haziaminiani vya kutosha. Tarehe 5 Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika, yenye nguvu miongoni mwa watu wa asili ya bara na wakaazi wa Ng'ambo, mitaa ya mji wa Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, ilikubali kufanya kazi pamoja na Jumuiya ya Washirazi, na Mzee Abeid Amani Karume akawa kiongozi. Haikupita hata miaka mitatu Washirazi kadhaa mashuhuri, akiwemo Sheikh Muhammad Shamte wa Pemba, wakajitoa na kuunda ZPPP mwishoni mwa 1959. Mgawanyiko huu ndio ulioamua kila uchaguzi uliofuata, na ndio unaoonekana hadi leo unapotazama ramani ya kura zetu, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Unguja na Pemba zilikuwa na historia mbili za ardhi. Unguja, eneo lenye rutuba la magharibi na katikati lilikuwa na mashamba makubwa ya karafuu yaliyomilikiwa zaidi na Waarabu, na baada ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897 waliobaki wakilima ndani ya mashamba hayo walikuwa watumwa wa zamani na wahamiaji kutoka bara, watu waliopewa ruhusa ya kulima muhogo chini ya mikarafuu kwa masharti ya kupalilia na kuchuma. Kwa mtu wa aina hiyo, mwenye shamba alikuwa bwana wa maisha yake, na mwanasiasa aliyesimama jukwaani na kuutaja utumwa alikuwa akizungumzia jambo ambalo bibi yake alilipitia. Pemba, karafuu zilikuwa zimesambaa mikononi mwa wakulima wadogo wenyeji, Waarabu wengi wa huko walikuwa maskini kama majirani zao, na ndoa zilikuwa zimewachanganya kwa vizazi. Hotuba ile ile iliyotoa machozi Ng'ambo ilisikika Pemba kama maneno ya watu wengine juu ya ugomvi wa watu wengine. Mtu akikwambia leo kwamba Wapemba ni wakaidi kwa tabia, muulize mikarafuu ilikuwa ya nani mwaka 1950.

Zama za siasa zilianza rasmi na uchaguzi wa Julai 1957, ambapo ASP kiliishinda Hizbu vibaya na Mzee Karume akamshinda Sheikh Ali Muhsin, kiongozi wa Hizbu, katika Ng'ambo. Matokeo ya kura yakaingia moja kwa moja katika maisha ya kila siku. Wenye mashamba wakaanza kuwafukuza wakulima waliokipigia kura chama cha upande wa pili. Wafuasi wa ASP nao wakasusia maduka, hasa ya Waarabu wa Manga, yaani wahamiaji wa karibuni kutoka Oman, waliokuwa na viduka vya vijijini. Watu wakaulizana chama kabla ya kupanda gari, na wakasusiana mazishi, jambo ambalo kwa jamii ya Kiislamu ya visiwa hivi lilikuwa kuvunja kitu kilicho karibu na dini yenyewe. Magazeti yalichochea. Anayetaka kuelewa ladha ya wakati ule na asome nakala za Mwongozi, lililokuwa upande wa Hizbu, pamoja na Afrika Kwetu, lililokuwa upande wa Waafrika: huku ustaarabu na Uislamu unatishiwa na wageni kutoka bara, kule minyororo ya utumwa inangoja kurudi siku Mwingereza atakapoondoka. Kila upande ulikuwa umemshawishi mtu wake kwamba kushindwa uchaguzi ni kupotea kabisa.

Katika hali hiyo ndipo zikaja hesabu za 1961, na naomba vijana mzitazame kwa makini. Januari mwaka huo, katika viti 22, ASP kilipata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. ZPPP kikagawika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11. Badala ya kutafuta njia ya kugawana madaraka ya kudumu, likaongezwa jimbo moja na uchaguzi ukarudiwa Juni. ASP kilipata takriban nusu ya kura zote lakini viti 10 tu kati ya 23. ZNP kilipata 10 na ZPPP 3, na hao wawili wakaunda serikali. Siku za uchaguzi huo watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu wa Manga. Kisha Julai 1963, uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, ASP kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13, na mseto wa ZNP na ZPPP, kwa kura chache zaidi, ukapata viti 18. Hapakuhitajika wizi wa masanduku. ASP kilikuwa kinashinda kwa kura nyingi mno katika ngome zake za Unguja, na kinashindwa kwa kura chache katika majimbo mengi ya Pemba.

Hapa naomba tuwe waadilifu kwa pande zote mbili, kwa kuwa kila upande uliondoka na somo lililo kweli. Mfuasi wa ASP alijifunza kwamba unaweza kuwa wengi na bado ukatawaliwa na wachache kwa njia iliyo halali kabisa, na kwamba anayechora mipaka ya majimbo ana nguvu kuliko anayepiga kura. Mfuasi wa Hizbu na ZPPP alijifunza kwamba unaweza kushinda kwa mujibu wa sheria, ukakabidhiwa nchi mbele ya Umoja wa Mataifa na dunia nzima, na usimalize siku arubaini. Tangu hapo, mmoja haiamini kura na mwengine hamuamini anayeipokea kura.

Serikali iliyokabidhiwa uhuru Disemba 1963 ilifanya mambo mawili ya kushangaza kwa serikali yenye wingi mwembamba kama ule. Ilianza kuwaondoa kazini askari polisi wenye asili ya bara, watu waliofundishwa kutumia silaha na waliojua zinapowekwa, na mwanzoni mwa Januari ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu. Kwa hivyo usiku wa tarehe 12, bohari za silaha za polisi za Ziwani na Mtoni ziliposhambuliwa, waliokuwa na sababu ya kuitetea serikali walikuwa wachache. Sultani aliondoka kwa meli na hakurejea. Alimaliza miaka mingi Uingereza kabla ya kuruhusiwa kuishi Oman, ambako alifariki mwisho wa mwaka 2024. Juu ya waliouawa wiki zile, idadi zinazotajwa zinapishana mno, na sitawapa moja kama kwamba nimeihesabu. Itoshe kusema walikuwa maelfu, na wengi hawakuwa na silaha.

Na John Okello je, yule mtu kutoka Uganda aliyejiita kiongozi wa wapiganaji wa Mapinduzi? Najua swali hili litakuja, kwa hivyo nilijibu mapema. Wanaotaka kuyafanya Mapinduzi kuwa kazi ya chama peke yake humfanya Okello mdogo hadi asionekane, na wanaotaka kuyafanya kuwa uvamizi wa wageni humkuza hadi akaonekana peke yake. Kabla mwaka 1964 haujafika nusu alikwisha kufukuzwa nchini. Mtu anayeondolewa kwa urahisi vile hawezi kuwa ndiye aliyekuwa na mizizi, lakini pia jina la mtu aliyetangaza amri redioni kutoka Raha Leo halifutiki kwa kutotajwa.

Mapinduzi yaligawa ardhi, eka tatu tatu, kwa watu ambao jana yake wangeweza kufukuzwa na mwenye shamba kwa sababu ya kura. Yalifungua skuli na hospitali bila malipo, na nyumba za Michenzani ziliwatoa watu wa Ng'ambo katika vibanda. Mtu anayezungumza na wazee wa Unguja na akashindwa kuelewa kwa nini wanalia wakiusikia wimbo wa chama chao, hajawasikiliza. Lakini serikali hiyo hiyo iliendesha nchi kwa amri za Baraza la Mapinduzi, bila ya uchaguzi wa Wazanzibari kuichagua serikali yao, na waliotofautiana nayo walipotea, wakiwemo waasisi wenyewe: Abdulla Kassim Hanga na Othman Sharif walirejeshwa Zanzibar kutoka bara mwaka 1969 na hawakuonekana tena. Mzee Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Baraza la Wawakilishi lilikuja mwaka 1980 tu. Ina maana kwamba kizazi kizima kilikua bila kuona serikali ikibadilishwa au hata kutishiwa na karatasi ya kura, na hapo ndipo ulipopata nguvu ule usemi tuliousikia mara nyingi majukwaani, kwamba nchi iliyopatikana kwa mapinduzi haitolewi kwa vikaratasi. Watu huuchukua usemi huo kama kiburi cha watawala. Mimi nausikia pia kama kumbukumbu ya 1963, kumbukumbu ya watu waliowahi kuwa na vikaratasi vingi zaidi na wakakosa serikali. Kuuelewa usemi si kuukubali.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na uchaguzi ukafanyika Oktoba 1995, ilikuwa kama kwamba mtu amelifungua kabati lililofungwa miaka thelathini. Dk. Salmin Amour wa CCM, chama kilichomrithi ASP, alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani. CUF kilichukua viti vyote 21 vya Pemba. CCM kikabaki na 26 dhidi ya 24 katika Baraza. Waliokuwa watoto mwaka 1961 walizitambua namba hizo mara moja. Na kilichofuata kilitambulika pia: watu walisusiana maduka, harusi na mazishi, safari hii kwa CCM na CUF, katika vijiji vile vile ambavyo baba zao walisusiana kwa ASP na Hizbu. Januari 2001 watu wasiopungua thelathini waliuawa, wengi wao Pemba, katika kuzimwa kwa maandamano, na wengine kwa mamia wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyokuwa ikipokea wakimbizi wa majirani zake, ikawa kwa mara ya kwanza inatoa wakimbizi wake.

Naomba sasa niseme juu ya sheha. Ili uandikishwe kupiga kura Zanzibar, sheria imekutaka uwe umekaa katika jimbo lako miezi 36 mfululizo, na mtu anayejulikana kuthibitisha ukaazi huo ni sheha wa shehia yako, ambaye ni mteule wa serikali. Kijana aliyezaliwa Pemba na kuhamia Mjini kufanya kazi ya bandari au kuuza samaki Darajani anafika kituoni na vyeti vyake, na sheha anasema hamjui. Malalamiko ya namna hiyo yamejirudia katika kila uandikishaji. Sharti la ukaazi lina hoja yake ndani ya historia hii, kwani mmoja wa waliolalamika zaidi zama za siasa alikuwa Hizbu, aliyedai kwamba wageni wa msimu wa karafuu kutoka bara wanaingizwa katika orodha. Leo wanaolalamika juu ya waliotolewa katika orodha ni wapinzani, na wanaolalamika juu ya walioingizwa ni wapinzani hao hao. Swali la nani ni Mzanzibari wa kupiga kura, ambalo mkoloni alilijibu kwa daftari la asili, sisi tunalijibu kwa daftari la shehia.

Maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif, ninavyoyaona mimi, ndiyo mara ya kwanza tangu 1961 ambapo wanasiasa wetu waliitazama 11 kwa 11 ile na kujibu kwa njia nyengine. Kura ya maoni ya Julai 2010 iliyakubali kwa asilimia 66, Katiba ikarekebishwa, na chama cha pili kikipata angalau asilimia 10 ya kura za urais kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa mwaka huo ulikuwa wa karibu mno, Dk. Ali Mohamed Shein asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, na hata hivyo hapakumwagika damu. Wapo wenzangu wanaosema kwamba utulivu ule ulitokana na hekima ya watu wawili tu. Sikubaliani nao kikamilifu, kwa sababu safari hii aliyeshindwa alijua kwamba hajapotea.

Lakini utaratibu ule una sehemu ambayo haukuigusa. Tarehe 28 Oktoba 2015, kabla hesabu haijakamilika, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi aliufuta uchaguzi wote. CUF kikasusia marudio ya Machi 2016, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91, hapakuwa na chama cha pili kilichofika asilimia 10, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu hadi Disemba 2020, pale Maalim Seif, akiwa ACT-Wazalendo, alipokubali kuingia serikalini chini ya Dk. Hussein Ali Mwinyi, wiki chache kabla ya kufariki kwake Februari 2021. Kwa hivyo kifungu cha umoja wa kitaifa kinaanza kufanya kazi baada ya kura kuhesabiwa na kutangazwa. Kimejibu somo la walioshindwa mwaka 1963 kwa viti, yaani kwamba aliye nje ya serikali asiachwe bila chochote. Juu ya nani anachora majimbo, nani anathibitisha mkaazi, na nani ana uwezo wa kusimamisha hesabu ikiwa imefika katikati, Katiba tuliyoirekebisha mwaka 2010 imeacha mambo karibu pale ilipoyakuta, na hayo ndiyo ningependa yaulizwe kwanza katika maswali yatakayofuata.